Hodi ya Tatu

Mwalimu Sospeter alikuwa akijisifu kwamba ana pua ya kunusa wizi wa mtihani. Akiingia tu chumbani, kwa maneno yake mwenyewe, anajua nani kaandika majibu mapajani na nani kaficha karatasi kwenye soksi. Na kweli amewakamata wengi, tusimnyime haki yake. Lakini mtu akizoea kunusa wizi, jamani, hazipiti siku nyingi atanusa hata pilau ya jirani akasema imeibwa.

Alifundisha Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mwaka wa pili wa diploma katika chuo kimoja pale Kongowe. Kongowe ya Kibaha, si ile ya kule Mbagala. Wanafunzi wake waliandika programu kwa kalamu kwenye karatasi, kwa sababu kompyuta za maabara zilikuwa kumi na nne, zinazowaka tisa, na mojawapo ya hizo tisa iliwaka inapotaka yenyewe. Yeye alisimama mbele akawasomea slaidi zake za tangu mwaka alioajiriwa. Mfano wake ulikuwa mmoja tu, gari: klasi, yaani kiolezo, ya Gari, rangi ya gari, spidi ya gari. Darasa zima hapakuwa na mwenye hata baiskeli.

Jumatano moja mchana alikaa ofisini kusahihisha mtihani wa katikati ya muhula, karatasi hamsini na mbili. Swali la tatu lilitaka klasi ya Mgonjwa ambayo taarifa zake za ndani haziguswi na mtu wa nje, mpaka apite kwenye mlango ulioruhusiwa. Mlango huo kwa lugha ya kazi yao huitwa methodi. Jibu alilowasomea kwenye slaidi lilikuwa la mistari sita, na wengi waliikumbuka minne.

Akafika karatasi ya Zuwena. Msichana mpole huyo, hukaa nyuma, hajawahi kuuliza swali tangu aje chuoni. Zuwena hakuandika mistari sita. Aliandika methodi akaiita hodi. Anayetaka taarifa za mgonjwa anabisha hodi. Mwenyeji asipoitika, hesabu inapanda. Ikifika tatu, programu inamwambia mgeni arudi alikotoka. Kisha, mstari wa mwisho kabisa, hesabu inarudishwa sifuri.

Sospeter akacheka peke yake. "Hodi! Huyu anadhani Java ni nyumba ya shangazi yake." Akazungushia wino mwekundu, akaukata na ule mstari wa sifuri akaandika pembeni, *hauna kazi*.

Karatasi sita mbele, hodi nyingine. Ya Kasiani. Kicheko kikakata. Akaanza kupekua kwa haraka, akilamba kidole, na alipomaliza alikuwa na karatasi nne mezani, zote zina hodi, zote zinahesabu mpaka tatu, zote zinarudisha sifuri. Akazizungushia wino na kuandika *hauna kazi* kama ya Zuwena.

"Nimewapata," akasema.

Akachomoa ramani ya viti. Hao wanne walikaa pembe nne za chumba, kila mmoja mbali na mwenzake, na katikati yao yeye mwenyewe Sospeter alikuwa akizunguka kama mwewe. Mtu mwingine angesema, basi hawakuangaliziana. Yeye alisema, basi mtihani umevuja. Ukishamshuku mtu, hata kutokuwa na kosa kwake kunakuwa ushahidi.

Jambo lililomkera zaidi lilikuwa neno *mwenyeji*. Alilikumbuka mahali. Akafungua kabati la mafaili ya mwaka jana, akatoa karatasi tatu zilizobanwa pamoja, na neno likawa pale pale: mwenyeji, mwenyeji, mwenyeji. Zile zilikuwa karatasi za Hamisa Mwishehe na wenzake wawili. Aliwapeleka kamati ya nidhamu kwa kuandika jibu moja. Wenzake wawili walilia, wakakiri, wakapewa kurudia mwaka. Hamisa hakulia wala hakukiri. Alisema, "Sikuiba, na siwezi kusema niliiba," basi akadisko, yaani akafukuzwa chuo, yeye peke yake. Na alikuwa wa kwanza darasani.

Sasa Sospeter akaona picha nzima, au alidhani ameiona. Hamisa ana kinyongo. Hamisa ana mtu kwenye chumba cha kuchapia mitihani. Hamisa anatoa majibu nje ili amwaibishe yeye, Sospeter! Dalili ya mvua ni mawingu, akajiambia, na mawingu aliyatengeneza mwenyewe.

Kesho yake akamwita Zuwena.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hii hodi umeitoa wapi?"

Zuwena aliangalia wino mwekundu. "Nimeielewa hivyo, mwalimu."

"Nani kakufundisha? Mimi sijawahi kufundisha hodi."

Vidole vya msichana vilikuwa vinasokota ncha ya mtandio.

"Zuwena, unajua maana ya kudisko? Taja jina, nikusaidie."

"Siwezi kumtaja, mwalimu."

Hakusema hayupo. Alisema hawezi kumtaja. Sospeter alifurahi nusura apige makofi.

Mama Atupele, mkuu wa idara, hakufurahi. Alizipokea zile karatasi nne akazisoma taratibu, miwani ikiwa puani, akarudia moja mara mbili.

"Mbona programu yenyewe ni sahihi?" akauliza.

"Usahihi siyo hoja, mama. Hoja ni imetoka wapi."

"Mwaka jana uliniletea watatu. Tukamfukuza yule aliyekataa kusema uongo, tukawabakiza waliokubali haraka. Sijaridhika mpaka leo." Akavua miwani. "Kamati inakaa Jumatatu saa nne. Safari hii nataka chanzo. Uniambie mtihani umevujia wapi na kautoa nani. Ukileta, hao watoto wanne wanafungasha mizigo yao. Usipoleta, faili nalifunga na wewe hutalifungua tena."

Siku nne, basi. Ijumaa Sospeter alipitia daftari la mlinzi wa hosteli na pale pua yake ikawashwa kweli kweli. Kila Jumamosi wale wanne walitoka pamoja, asubuhi, na kwenye safu ya waendako waliandika mahali pamoja: Kisarawe. Zuwena sawa, kwao ni huko. Lakini Kasiani ni wa Mlandizi, mtoto wa katekista, anafuata nini Kisarawe kila wiki?

Jumamosi akavaa helmeti ya pikipiki ya kufunika uso, mtu mzima na digrii yake, akawafuata wanafunzi. Walipopanda gari naye nyuma. Walipokata Kiluvya kuingia njia ya Kisarawe naye akakata. Vumbi lilimwingia mpaka kwenye meno. Waliposhuka mwisho wa mji na kushika kinjia cha miguu, aliegesha pikipiki chini ya mkorosho, akawaacha watangulie, kisha akanyata. Nyumba waliyoingia ilikuwa ya bati, uani kumezungushiwa makuti. Akazunguka kwa nyuma, akatafuta tundu kwenye makuti, akainua kioo cha helmeti, akaweka jicho.

Na Hamisa alikuwa pale. Moyo wa Sospeter uliruka kwa furaha. Kikulacho ki nguoni mwako!

Akatoa simu ili apige picha. Hamisa alikuwa amevaa fulana ya kiwanda kimoja cha Zegereni alikokuwa akifungasha mabomba tangu afukuzwe. Nyuma yake, mlango wa zamani uliong'olewa bawaba ulikuwa umeegemezwa ukutani, umejaa maandishi ya chaki. Sospeter alitafuta karatasi ya mtihani. Hakuiona. Aliona Java, imeandikwa kwa mkono mzuri.

Wale wanne walikaa mkekani na hawakuwa na furaha. Zuwena alikuwa akilia.

"Katuzungushia wino wote, dada. Jumatatu kamati."

"Mmemtaja mtu?"

"Hapana."

Hamisa akajishika kichwa. "Si niliwaambia? Niliwaambia mbadilishe! Kila mtu atafute mfano wake, majina yake. Hivi hivi ndivyo nilivyowafundisha wale wawili mwaka jana, hapa hapa kwenye mlango huu, wote watatu tukaandika mwenyeji, mwalimu akasema tumeibiana. Hakuna aliyemwona mwenzake karatasi. Nimewaambia hayo mara ngapi?"

"Dada, kwenye mtihani kichwa kinatoa kilichoingia," Kasiani akasema. "Yale magari ya mwalimu hayakuingia."

Mmoja akacheka, wengine wakafuata, hata Zuwena kwenye machozi yake. Hamisa hakucheka. Nyuma ya makuti, simu ya Sospeter ilishuka taratibu. *Wanaigiza,* akajiambia. *Wameniona, wanaigiza.* Lakini hakuna aliyekuwa amemwona, na alijua hivyo.

"Haya, fainali ipo mwezi ujao, kamati au bila kamati," Hamisa akasema. "Zuwena, futa machozi. Ingia ndani uwe mwenyeji. Kasiani, wewe mgeni. Chumba ndiyo obijekti, kile kitu kinachotunza taarifa. Kilichomo ndani ni cha nani?"

"Cha mwenyeji."

"Mgeni akikitaka?"

"Abishe hodi. Aombe. Mwenyeji akipenda atampa, asipopenda hampi."

"Akibisha mara tatu kimya?"

"Arudi kwao."

"Na yule anayechungulia dirishani?"

"Huyo siyo mgeni, dada. Mwizi huyo."

Loo! Sospeter alihisi tundu la makuti linamuunguza jicho, na bado hakulitoa. Neno hilo hodi analisema kila siku kwenye milango ya watu. Mama yake alimfundisha kabla hajajua kuhesabu tatu zenyewe. Alipolikuta kwenye karatasi ya Java tu, akaliona ni alama ya wezi.

"Dada," akasema msichana mmoja, "huu mstari wa mwisho mwalimu kaukata. Kaandika hauna kazi. Kwa nini tunarudisha sifuri?"

Hamisa akaufuta mlango kwa kiganja, akaandika mstari ule peke yake. "Mgeni akishaondoka, ya leo yamekwisha. Akija kesho anaanza moja. Usiporudisha sifuri, aliyekosa mara tatu leo amekosa maisha. Akija mwakani na shida ya kweli, programu inamfukuza kabla hajafungua mdomo. Umejenga nyumba isiyo na mlango."

"Hata akiwa Mwalimu Sospeter?"

Chaki ya Hamisa ikasimama. "Tuendelee," akasema.

"We baba! Unachungulia nini hapo?"

Sospeter aliruka akagonga helmeti kwenye nguzo. Nyuma yake alisimama mwanamke wa makamo, bakuli la korosho mkononi, mikono imeiva kwa kubangua, na uso wake hauna mzaha hata chembe. Huyo ndiye Bi Biubwa, mama yake Hamisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kwenu watu huingia kwa kupitia uani?"

"Mimi… mimi ni mwalimu."

"Mwalimu wa kuchungulia?"

Watoto wakakimbilia nje. Wanne wakaganda, "Shikamoo mwalimu" ikawatoka kwa mazoea, ya uoga, ya chini chini. Hamisa alitoka wa mwisho na hakutoa shikamoo. Alimtazama mwalimu wake kuanzia helmeti mpaka viatu vyenye vumbi, kisha akamwambia mama yake, kana kwamba Sospeter hasikii:

"Mama, mwambie hapa mlango upo. Azunguke mbele abishe."

Akazunguka. Angeweza kupanda pikipiki akaondoka, na nakwambia miguu ilitaka, lakini alizunguka. Alisimama mbele ya mlango uliokuwa wazi, pazia la kitenge limeshushwa, akavua helmeti.

"Hodi."

Kimya. Alisikia watu wanapumua upande wa pili.

"Hodi."

Kuku akapita.

"Hodi jamani."

Hakuna aliyeitika. Wanafunzi wake wanne walikuwa ndani, wote wanaijua hiyo programu kwa moyo, wameiandika na amewakosesha. Sospeter akasubiri kidogo, akaona aibu ya kusubiri, akageuka akarudi alikotoka.

Usiku huo hakujiambia uongo. Alijaribu, kusema kweli, kwa muda wa chai moja: labda wametunga, labda yule Hamisa ni mjanja kuliko alivyodhani. Halafu akazitoa zile karatasi nne na zile tatu za mwaka jana, akazisoma kama mwalimu kwa mara ya kwanza. Hazikuwa jibu moja. Zuwena alifunga jina la ugonjwa, Kasiani alifunga namba ya simu. Mmoja alisahau kufunga mabano, mwingine akaongeza salamu. Yalikuwa majibu saba ya watu saba, sita kati yao wamefundishwa na wa saba, mtu anayejua kufundisha. Iliuma. Iliuma zaidi kwamba mtu huyo hakuwa yeye.

Jumatatu saa nne kasorobo alisimama mbele ya Mama Atupele.

"Chanzo umekipata?"

"Nimekipata, mama. Mtihani haukuvuja. Wanafundishwa Jumamosi na Hamisa Mwishehe, kwa chaki, kwenye mlango wa nyumba yao. Hata mwaka jana ilikuwa hivyo. Nilimfukuzisha mtoto kwa kosa la kuwaelewesha wenzake." Akaweka karatasi mezani. "Nimeandika yote. Jina langu lipo chini."

Mama Atupele alisoma mpaka mwisho. "Unajua watakuuliza wewe ulikuwa unafundisha nini?"

"Najua."

Kamati ilimuuliza hilo hilo, na hawakumuuliza kwa upole. Alipewa barua ya onyo. Wale wanne walirudishiwa alama zao, na kwenye kila karatasi Sospeter alifuta kwa mkono wake yale maneno *hauna kazi*. Suala la Hamisa likakubaliwa kusikilizwa upya kabla muhula ujao haujaanza, kwa sharti moja: aje mwenyewe na aandike ombi kwa mkono wake. Barua ya wito ikatolewa. Ilipaswa kupelekwa na karani. Sospeter akasema ataipeleka yeye.

"Akikataa kuja?" Mama Atupele akauliza.

"Basi amekataa. Lakini hajasoma. Hawezi kukataa asichokisoma."

Jumamosi iliyofuata alizima pikipiki mbali, akaisukuma mpaka mbele ya nyumba ili aonekane. Bi Biubwa alikuwa barazani anabangua korosho zake. Akaitikia shikamoo yake bila kunyanyua macho, wala hakumwonyesha kiti. Pazia la kitenge lilikuwa limeshushwa. Sospeter akashika bahasha kwa mikono miwili.

"Hodi."

Hakuna.

Pazia lilitikisika kidogo, upepo au mtu. Pua yake ya zamani ilitaka kuinama ichungulie pembeni. Akaangalia chini, akayaangalia maganda ya korosho.

"Hodi."

Hakuna. Ya tatu ikamfika kooni, akaibana. Akiitoa na kimya kikijibu, itambidi aondoke na bahasha yake, na kamati ikishakaa bila ombi lake haitalisikiliza tena mpaka mwakani. Akasimama pale na jua utosini, hasemi, haondoki. Jiwe la Bi Biubwa likaacha kugonga.

"Mwalimu." Sauti ya Hamisa ilitoka karibu sana, nyuma tu ya kitambaa.

"Naam."

"Mwaka jana, kabla hujanipeleka kamati, mimi ulinibishia hodi mara ngapi?"

Alikuwa na majibu mengi. Utaratibu, kanuni, muda, wanafunzi wengi. Yote aliyaandaa njiani, na hakutoa hata moja.

"Hata mara moja, Hamisa."

Mle ndani mtu alivuta pumzi ya mafua, ile ya mtu aliyelia au anayejizuia kulia.

"Imebaki moja," Hamisa akasema. "Itumie."

"Hodi," akasema Sospeter.

"Karibu. Viatu acha hapo nje."

Akainama kufungua kamba za viatu, na bahasha ilikuwa bado mkononi, fundo likamshinda, mpaka Bi Biubwa akaweka jiwe chini akamfungulia.